Punda Hana Nundu

Baridi ya Juni ilinikuta nimeshachoka. Kwa hiyo punda alipoletwa uani kwangu akichechemea, nilisema wazi kwamba sina nafasi ya mgonjwa mwingine. Mgonjwa wa kwanza nilikuwa mimi. Goti langu la kushoto lilikuwa limevimba tangu masika, na kutoka nyumbani kwangu Mollo hadi barabarani nilikuwa napumzika njiani kama mtu anayepanda mlima. Upepo wa Ufipa mwezi huo haumwonei huruma mwenye goti bovu.

Punda mwenyewe alikuwa wangu, jike la kijivu nililoachiwa na marehemu mume wangu. Alikuwa akikaa kwa shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akitukokotea mavuno sote wawili. Maksai wake mmoja alikufa katikati ya kazi, mahindi yakiwa bado shambani, naye akaona njia fupi ni kumfunga punda upande uliobaki wazi, chini ya nira ileile, bega kwa bega na maksai aliyesalia.

Sisi huku tumekulia nyuma ya ng'ombe, na kila mnyama tunamwona ng'ombe. Nira ya ng'ombe inakaa mbele ya nundu. Nundu ndiyo inayoisukuma na mkokoteni ukaenda. Punda hana nundu. Nira ilimlalia juu ya mfupa, pale shingo inapokutana na mgongo, ikasugua mpaka ngozi ikatoka. Alipita hivyo mbele za watu wengi, na hakuna aliyeona ajabu. Walichoona ni kwamba anakwenda polepole, wakasema punda ni mvivu.

"Shemeji, huyu tumuuze," alisema mdogo wa marehemu huku akimfunga kwenye mti wa uani. "Wapo wanaonunua hata wabovu."

"Na mimi je, wapo wanaonunua?"

Alicheka. Shemeji yangu ni mtu wa utani na hana roho mbaya, lakini siku ile sikuwa na nguvu za kucheka naye. Nilikuwa natazama kile kidonda. Funza walikuwa ndani.

Lazima niseme kwa nini sikumuuza, maana haikuwa huruma peke yake. Mwanangu anaishi Dar es Salaam na mkewe, na kila akipiga simu alikuwa na wimbo mmoja: mama, achana na shamba, njoo tukae. Shamba langu liko ng'ambo ya kijito, nyuma ya kilima, na mvua zikianza hakuna bodaboda inayofika. Mvua zikikaribia kwisha ndipo tunapofanya ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo majani marefu hukatuliwa na kufukiwa chini yake yaoze, halafu maharage hupandwa juu. Kulima siwezi tena, nalimiwa. Ila walimaji wakiona mwenye shamba hayupo, wanafukia juujuu. Majani yanabaki yamechomoza nje, tuta linakauka, na maharage yanatoka kama nywele za mtu aliyeugua. Ndivyo ilivyokuwa msimu uliopita, kwa sababu sikufika. Nikakubaliana na mwanangu: msimu unaokuja, nikishindwa tena kufika shambani kwa nguvu zangu, nafunga nyumba nahamia kwake. Nilipokubali nilidhani nasema tu ili akate simu.

Bwana mifugo wa kata alikuja na pikipiki yake. Alimwinua punda mguu wa mbele, akachonga kwato, usaha mweusi ukatoka ukinuka.

"Mguu huu uloweke kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu, asubuhi na jioni," alisema. "Kidonda kioshe, kisha puliza hii dawa. Na nira basi, mama. Akipona na ukitaka avute, avute kwa kifua."

"Atapona?"

"Ukivumilia."

Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa msichana, na kila anayeniambia huwa anaondoka na kuniacha na kazi. Nilichemsha maji asubuhi nikiwa nimejifunika blanketi, nikakaa kwenye kigoda na karai mbele yangu, nikimbembeleza punda aingize mguu. Alipiga karai teke. Nikachemsha tena. Akapiga tena. Kuni zilikuwa zinaisha, mikono ilinipasuka kwa chumvi, na siku nyingine nilimtukana kwa Kifipa matusi ambayo mama yangu asingependa kusikia nimeyahifadhi. Jioni maji yakibaki na uvuguvugu nilikandia goti langu. Tulikuwa wawili uani, kila mmoja na mguu wake, na mimi ndiye niliyekuwa nalalamika.

Kidonda kilikuwa kibaya zaidi ya mguu. Nikinyoosha mkono kuelekea mabegani kwake, ngozi ilimtetemeka hata kabla sijamgusa, halafu makalio yakahama upande wa pili. Ikawa ndiyo tabia yake: ukimkaribia kwa ubavu, anazungusha makalio na kukuacha umesimama unatazamana na mkia. Hakuuma mtu. Aliondoka tu. Nilimwelewa. Hata mimi siku hizi mtu akinikaribia kwa haraka nakinga goti.

Kufikia Agosti alikuwa anakanyaga mguu wote. Kidonda kilifunga, pakaota manyoya meupe juu ya kovu. Nikaanza kumtoa kidogo, tukienda dukani kwa Mwarabu, kama tunavyomwita ingawa amezaliwa hapahapa Sumbawanga, nikanunue chumvi na sabuni. Njiani goti lilinizidi, nikaegemeza kiwiko mgongoni kwake, nyuma kabisa ya kovu. Nilitegemea azungushe makalio. Akasimama. Nikapumzika, tukaendelea, nikaegemea tena. Nilirudi nyumbani na wazo ambalo nililionea aibu, kwa sababu huku punda anabeba mahindi, anabeba maji, mtu mzima hapandi. Watoto wanapanda, na wanachapwa kwa kupanda.

Niliwahi kumuuliza bwana mifugo tulipokutana sokoni.

"Wewe si mzito," alinipima kwa macho. "Kaa nyuma ya kovu, na usimkimbize."

"Nimkimbize niende wapi?"

Nilishona magunia mawili pamoja nikayajaza nyasi kavu, yawe tandiko. Nikamzoesha gunia tupu, halafu gunia lenye maharage kidogo kila upande, halafu zaidi. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko kuponya kidonda. Siku nilipojaribu kupanda mwenyewe niligeuza kinu juu chini nikakikanyaga, na kabla sijapitisha mguu, makalio yakahama. Nilianguka kwenye mabua ya mahindi. Nilikaa pale chini nikiwa nimechoka kiasi kwamba sikuinuka mara moja, na nilifikiria Dar es Salaam, na kiti cha plastiki kwenye kibaraza cha mwanangu, na mtu wa kuniletea chai. Haikuwa picha mbaya. Punda alirudi akaanza kula mabua niliyoyalalia.

Tulijaribu karibu kila siku, miezi hiyo yote ya jua kali mpaka mvua za kwanza. Mara anasimama, mara anahama. Nilijifunza kutomshika kamba kwa nguvu, na kumsemesha ili ajue niko wapi. Yeye alijifunza kwamba nikiwa juu nakaa kimya wala sipigi. Mwisho alizoea, nikipandia kinu anasimama. Tukipita njiani vijana wa bodaboda waliniamkia vizuri, shikamoo bibi, na nikishaitikia marahaba mmoja wao alisema, "Bibi, Jumapili ya Matawi bado." Nilimwambia nafanya mazoezi. Wakacheka, na baada ya hapo hawakunishangaa tena.

Siku ya ntumba ilifika mvua ikiwa imekata usiku. Njia ilikuwa tope, majani yamenipita kichwa nikiwa juu ya punda. Kwenye kijito alisimama. Sikumpiga. Goti lilikuwa linawaka na nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia mwanangu. Punda akanusa maji, akatia ule mguu wa mbele uliokuwa mbovu, akatia wa pili, tukavuka.

Walimaji walinyanyua vichwa. Shemeji alikuwa kati yao.

"Shemeji, umefika," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Hayo majani yanachomoza," nilimjibu.

Nilisimama shambani mpaka alasiri nikiegemea fimbo, nikisema fukia hapa, fukia na hapo. Matuta yalitoka meusi na ya mviringo, hakuna jani lililoonekana. Wingu lilipojikusanya upande wa ziwa walimaji walichukua majembe wakakata njia ya mkato. Shemeji aliniuliza kama anisubiri. Nikasema atangulie, kwa jeuri tu.

Alipopotea nyuma ya kilima ndipo nilipokumbuka kwamba kinu kiko nyumbani. Hapakuwa na jiwe wala kisiki, shamba zima lilikuwa majani na matuta mapya. Na tuta huku halikanyagwi. Tangu utotoni nimefukuza watoto na mbuzi juu ya matuta. Nilizunguka nikitafuta kitu kingine mpaka goti likakataa. Mwisho nilimvuta punda kando ya ntumba ya ukingoni, nikalikanyaga tuta kwa miguu yote miwili, udongo ukanimeza hadi kwenye kifundo. Kovu lake jeupe lilikuwa mbele yangu. Nikatulia nimsubiri azungushe makalio, kwa sababu palikuwa mahali pageni na kulikuwa na ngurumo. Akayaleta karibu. Alisogea hatua moja ubavu mpaka tumbo lake likagusa magoti yangu, akasimama.

Nililia pale, sitaficha. Halafu nikapanda.

Siku iliyofuata mwanangu alipiga simu. Nilimweleza yote, mpaka ntumba niliyoiharibu.

"Hongera, mama," alisema. "Sisi chumba chako tulishakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Ya kijani. Uliwahi kusema unaipenda."

Iliniuma. Muda wote ule nilidhani yeye ananionea huruma tu, kumbe alikuwa ananingoja. Nilimwambia wasikibadilishe, nitakuja kukaa nao maharage yakishavunwa. Akasema sawa, mama. Amekulia hapa, na anajua, kama ninavyojua mimi, kwamba maharage yakishavunwa matuta husambazwa, na yakishasambazwa hupandwa mahindi, na mahindi nayo yanataka mwenye shamba.