Nipe Mji, Hata kwa Kijerumani

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku ambayo bibi yangu alininyang'anya kitabu cha Kijerumani akakikalia. Ndiyo, akakikalia! Usicheke, ngoja nikueleze, maana wiki nzima nakuona unazunguka na kitabu chako cha lugha umenuna kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mimi si mkongwe wa kutoa nasaha, mvi zangu bado za kuhesabu, na subira sikujaaliwa. Lakini shangazi yako njia hiyo nimeipita, na ninavyokuona nakuonea huruma.

Miaka ya themanini, nimemaliza kidato cha nne, tukikaa hapa hapa Kisauni. Nikapata nafasi ya majaribio kwenye mapokezi ya hoteli moja ya ufuoni, Bamburi. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mgumu. Akanikubalia kwa sharti moja: "Mapokezi, sawa. Siku wakikupeleka kubeba pombe, rudi nyumbani." Na kule hotelini msimamizi wetu, Bwana Katana, alikuwa na sharti lake: wa mapokezi ajue Kijerumani, asiyejua aende baa. Umeona nilivyobanwa? Bila Kijerumani hakuna mapokezi, bila mapokezi ni nyumbani, na nyumbani posa zilikuwa zimeanza kubisha hodi. Mimi kuolewa nilikuwa sitaki bado. Nilitaka kazi.

Basi nikakivamia. Kila alasiri niko uani nakariri: bei ya chumba, saa za chakula, funguo, mizigo. Kasuku mtupu. Bibi yuko kando juu ya mbuzi anakuna nazi. Siku hiyo akachoka na mimi.

"We mwana, ndoo hapa."

"Abee, bibi."

"Hao Wajerumani wako hucheka?"

"Hucheka, bibi. Si watu?"

"Hucheka nini?"

Nikapekua kurasa za kitabu.

"Watoto wao wakitegeana vitendawili husemaje?"

"Bibi, hayo hayamo kitabuni. Na mimi sina wakati wa mchezo, natafuta kazi."

Ndipo aliponipokonya kitabu, akakiweka chini yake, akaendelea kukuna. "Lugha waimeza kama kwinini," akaniambia, "halafu wataka ikupende. Ukipenda boga, penda na ua lake. Nitegee kitendawili kwa Kijerumani, nami nitakupa kitabu chako."

Wallahi nilikasirika. Nilimwona mzee asiyejua dunia inakimbia. Lakini kitabu kilikuwa chini ya bibi, na bibi yangu hakuwa mtu wa kuinuliwa na mtu mmoja. Nikaanza kuokota maneno niliyonayo kichwani. Nyumba nalijua. Mlango nalijua. Nikaunga: nyumba yangu haina mlango. Mtoto gani wa pwani asiyejua kwamba hilo ni yai? Lakini kulisikia kwa Kijerumani, likitoka kinywani mwangu bila kulikariri popote! Nikacheka peke yangu. Bibi naye akacheka, na hakuelewa hata neno moja. "Haya," akasema, "tega jingine."

Ukawa ndio mchezo wetu tukichambua mchele. Leo ataka kujua mchoyo huitwaje kwao, kesho mwenye maringo, kesho kutwa mama wa Kijerumani humbembelezaje mtoto. Nikawa siendi tena hotelini kama mfungwa, naenda kuwauliza wageni ili nipate cha kumpelekea bibi jioni. Na mwenyewe akaanza kumwamkia muuza maziwa kwa Kijerumani, hata maskini yule mtu akawa akimwona anapita upande wa pili.

Siku ya jaribio Bwana Katana akaniweka mezani peke yangu. Basi likafika limejaa, kutoka uwanja wa ndege, na vyumba bado vinapigwa deki. Nikasema ile sentensi yangu ya kitabuni, kwamba vyumba haviko tayari, tafadhali subirini. Ikaisha. Sina nyingine. Mama mmoja mtu mzima, uso umemwiva kwa joto, akapiga meza, maneno yakamtoka kama mvua ya masika. Bwana Katana yuko pembeni, mikono amekunja. Nikaiona trei ya baa, nikauona na uso wa baba.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamwambia yule mama, kwa Kijerumani changu cha kuchechemea, kwamba kwetu watu wakingoja wali uive hutegeana vitendawili. Nyumba yangu haina mlango. Akanikazia macho. Mumewe akasema kaburi. Mwingine akasema konokono. Wakaanza kubishana wao kwa wao! Waliposhindwa nikamwambia mama, basi nipe mji.

"Mji gani?"

"Mji wako."

Akanipa Bremen. Nikauendea Bremen kama ada ilivyo: nikafika, nikakaribishwa, nikala... na watu wa Bremen hula nini, mimi nijuaje? Nikasema wali wa nazi. Wakapasuka kwa kicheko. Yule mama akanishika mkono, akanieleza jiko la mamake, viazi, samaki wa moshi, mvua isiyokatika. Nikisita, ananipa neno. Nikikosea, ananirekebisha. Nami namuuliza tena na tena, si kwa ajili ya kazi, nataka kujua kweli. Nilipotoa jibu, mumewe alijipiga kipaji cha uso. Na vyumba vilipokuwa tayari, wao ndio hawakutaka kuondoka.

Bwana Katana akaja. "Kijerumani chako kimevunjika miguu yote."

"Ndiyo, bwana."

"Na mimi miaka yote hii sijapewa mji hata mmoja." Akatikisa kichwa. "Kesho uje mapema. Hapa hapa mezani."

Sasa, mwanangu. Sikwambii utupe kitabu, mimi changu nilikimaliza. Wala si aibu kusoma lugha kwa sababu ya kazi, maana hata mimi ni shida iliyonipeleka. Ila tafuta ndani yake kitu kimoja ambacho ungekitaka hata kazi isipokuwepo. Wapenda mpira? Sikiliza wanavyoutangaza. Wapenda kula? Waulize kabichi wanaipikaje. Uliza watu, na ukosee mbele yao, kwani kupotea njia ndiko kujua njia. Na ukichoka, lala. Kichwa si gunia la soko la Kongowea, ulishindilie mpaka lipasuke. Najua unaogopa. Hofu hiyo si ujinga, ni dalili kwamba jambo unalitaka.

Mola akulainishie ulimi, akupe walimu wenye subira kunishinda mimi, na popote riziki yako itakapokuita, usikose wa kucheka naye. Amin.