Jinsi Ukoo Wetu Ulivyoitwa Pinder

Wajukuu zangu huvimba kichwa wakiitwa kina Pinder. Waacheni. Hawajui jina hilo liligharimu nini, na baba yangu Wulmar, aliyetuletea, hakulitaja kwa fahari hata siku moja.

Hapa kijijini Skelby, Pinder alikuwa mtu wa kukamata mifugo iliyoingia mashambani na kuifungia kwenye zizi la mawe kando ya kanisa. Alichaguliwa kila sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, na mwaka ukiisha alimkabidhi mwenzake ufunguo na jina pamoja. Mnyama akishafungiwa hatoki mpaka baraza liketi Alhamisi, na maziwa yake ni ya yule aliyeliwa mazao.

Mwaka wa baba, wa kwanza kukamatiwa maksai alikuwa Thurstan, msimamizi wa mashamba ya bwana wetu mwenye ardhi. Huyo alizoea mifugo yake kula kwa watu, wenyewe wakanyamaza. Aliapa atamkomoa baba.

Wala hakuhitaji kuhangaika. Jumatatu moja ya kiangazi baba alitoka mbio kufukuza nguruwe waliovamia maharagwe ya kasisi, akasahau kufunga lango lake mwenyewe. Ng'ombe wetu wa pekee akaenda moja kwa moja kwenye shayiri ya Thurstan.

Mimi na pacha wangu Aldith tulikuwa na wiki tano. Mama alikuwa ametoka kwenye homa, maziwa yamemkauka, na tuliishi kwa ng'ombe yule. Ng'ombe wengine wa kijiji walikuwa malishoni kule milimani, mwendo wa siku mbili.

Thurstan akamwita baba shambani, watu wamejaa.

“Ehe, Pinder! Mkuki kwa nguruwe, siyo? Au sheria yako inapiga hodi kwa wenzako tu?”

Baba akamshika ng'ombe pembe.

“Ngoja kwanza, ndugu yangu,” Thurstan akasema, sasa kwa sauti ya chini. “Una vichanga. Mpeleke nyumbani, mimi sijaona kitu. Na wewe kesho ukiwaona maksai wangu mahali, hujaona kitu.”

Baba alimpeleka ng'ombe zizini, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni.

Jioni Thurstan alikuja kukamua, maana ilikuwa haki yake. Maziwa akawamwagia nguruwe.

Jumanne mama alibeba ndoo, akamkuta baba amesimama langoni mwa zizi.

“Nipishe, Wulmar.”

“Edith, mke wangu, nikikupisha wewe, kesho nitampisha Thurstan. Watu watavuna nini?”

“Watu! Kwani wanao si watu?”

“Siku mbili tu zimebaki. Wape uji.”

“Uji, watoto wa wiki tano? Wewe mwanaume umelogwa na hicho kipande cha chuma!”

Hakumpisha.

Jumatano alikuja jirani yetu Gunnild, naye alikuwa ananyonyesha wake. Alisema anaweza kuongeza mmoja, wawili hawezi. Mama alishindwa kuchagua. Gunnild akamchukua aliyelala karibu na mlango.

Alhamisi baba alijishtaki mwenyewe mbele ya baraza, akahukumiwa kama mtu mwingine yeyote, akafungua zizi. Alirudi nyumbani mbio na ndoo imejaa, maziwa yakimmwagikia miguuni. Aldith alikuwa ameshakata roho, bado yuko mapajani mwa mama.

Tangu siku hiyo Thurstan aliwafunga maksai wake kwa kamba mbili. Sikukuu ya Mikaeli ilipofika akachaguliwa mtu mwingine, na baba akatoa ufunguo. Lakini jina watu walikataa kumpa yule mpya. “Pinder tunamjua,” walisema, na karani wa baraza akaandika hivyohivyo, likatushukia sisi watoto.

Mama hakumwita baba kwa jina hilo mpaka anaingia kaburini. Mimi namheshimu mzee wangu, na hasira naye ninayo hadi leo. Nikiitwa Pinder naitika. Mimi ndiye niliyelala karibu na mlango.