Boti Iliyofunikwa Blanketi

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi kununua rangi, nikamkuta muuzaji amefungua kopo la gundi ya epoksi anamwonyesha mteja. Harufu ikanifikia mlangoni, kali, kama samaki aliyechanganywa na dawa za hospitali. Nikasimama palepale. Rangi niliisahau. Nilikuwa nimerudi Mjimwema, Songea, kwenye ua wa nyumba yetu, mtoto wa darasa la tano, na mbele yangu ilikuwepo boti.

Ndiyo, boti. Songea. Cheka tu, rafiki yangu, maana mtaa mzima ulicheka.

Miaka ile mashirika na miradi ya serikali ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine, na maduka ya watu binafsi yanaanza kujaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu. Mama alikuwa mpiga chapa kwenye mradi mmoja wa uvuvi uliokuwa na ofisi mjini. Mradi ukafungwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na mali ikauzwa. Wenzake walinunua meza na makabati. Mama akanunua boti ya faiba iliyopasuka tumboni siku ilipoanguka kutoka kwenye lori. Ilikuwa imetupwa nyuma ya stoo muda mrefu, kuku wanatagia ndani.

Baba alikuwa mtu wa Singida, aliyeletwa Songea na kazi ya ualimu. Ziwa alikuwa analijua kwenye ramani tu. Boti iliposhushwa uani aliizunguka taratibu, mikono nyuma, kama anakagua daftari la mwanafunzi.

"Mama watoto," akasema kwa upole, "hapa Songea hakuna hata bwawa."

"Nyasa ipo," Mama akajibu.

Alizaliwa Mbamba Bay, ufukweni kabisa, na kaka yake, mjomba wetu, alikuwa bado huko anavua kwa mtumbwi wa kuazima. Mama alitaka mjomba aitumie boti hiyo kubebea abiria na mizigo kwenye vijiji vya kando ya ziwa visivyofikika kwa gari. Ikipona, tumepona. Isipopona, kiinua mgongo chake chote kimenunua kiota cha kuku kikubwa kuliko vyote mkoani.

Jirani yetu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Ndiye aliyesema mpasuko ule unazibika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi ya epoksi. Gundi ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja kwa basi: kopo kubwa la gundi yenyewe, nzito kama asali, na kopo dogo la dawa ya kuigandisha, ambayo fundi aliiita hadina. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Baba akavaa miwani, akatusomea: gundi sehemu mbili, hadina sehemu moja.

Mimi na dada yangu tulipewa msasa. Tukasugua mpasuko kila tukitoka shule, nguo zimefungwa hadi shingoni, na bado vumbi la faiba likatuwasha kama upupu. Bibi, mama yake Mama, alikuwa anatuita jikoni tunawe hadi viwiko kabla ya kutupa togwa, kisha ugali na dagaa wa Nyasa waliokaangwa na nyanya. Sijawahi kula dagaa watamu kama wale.

Siku ya kwanza ya kuchanganya, Mama alitaka amalize mara moja. Akamimina gundi nyingi kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaweka hadina, akakoroga. Kabla hajapaka chochote kopo likapata moto, likaanza kufuka moshi. Tukakimbia. Tuliporudi gundi ilikuwa jiwe na brashi imesimama katikati.

"Ikiwa nyingi mahali pamoja inajichemsha yenyewe," fundi akatuambia. "Changanya kidogo kidogo."

Mara ya pili akachanganya kidogo, lakini alipima kwa macho, kama anavyopima chumvi. Ikapakika vizuri sana. Kesho yake inanata. Keshokutwa inanata. Kuku mmoja akalala juu yake akaacha manyoya. Watu wakawa wanachungulia juu ya ua wakiuliza safina itaondoka lini. Tukakwangua yote, siku nzima, na makopo yalipotikiswa, kilichobaki kilitosha jaribio moja tu. Mama akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Baba akatoka, akakaa chini kando yake, akiwa na suruali yake ya kazini.

Mama mkubwa, dada yake Mama, alikuwa nesi. Jumamosi akaja na mabomba mapya ya sindano, makubwa, yasiyo na sindano. Bomba moja la gundi, jingine la hadina, yasichanganyike kamwe. Mama akatutazama mimi na dada, akanipa mimi.

"Wewe mkono wako hautetemeki. Leo unapima wewe."

Bibi akauliza, "Na baridi hii je? Hata togwa langu halichachi."

Ilikuwa Julai, upepo wa milima ya Matogoro unakata masikio. Fundi akakubali kwamba baridi huizuia gundi kuganda, tukasubiri jua la mchana. Tukayaweka makopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka gundi ikalainika. Nikavuta gundi mpaka kwenye mstari, nikasukuma. Nikavuta tena, nikasukuma. Kisha hadina, mara moja, mpaka mstari uleule. Mama akakoroga polepole, akikwangua kingo na chini, kwa muda wa wimbo mzima wa kanisani tuliouimba wote, na Baba akiimba vibaya kuliko sote. Fundi akalaza kitambaa, Mama akapaka, dada akasukuma mapovu kwa brashi, mimi nikapima tena.

Tulipomaliza, tukapanga madumu ya maji ya moto ndani ya boti na kuifunika kwa mablanketi yetu yote. Hayakutosha. Na hapo wale waliokuwa wanatucheka wakaanza kuja, mmoja mmoja, na mablanketi yao.

"Mgonjwa anaendeleaje?" wakawa wanauliza.

Asubuhi Mama alifunua, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo, ngo. Ngumu kama meno. Bibi akapiga vigelegele, mtaa ukaitikia.

Tulipoifikisha Mbamba Bay, Baba, ambaye hakujua kuogelea, alikuwa wa kwanza kupanda. Mjomba akasukuma, boti ikaelea. Baba akainama, akapapasa sakafu pale tulipoziba, akainua kiganja juu ili sisi sote tuliokuwa ufukweni tukione.

"Pakavu!" akapiga kelele. "Mama watoto, pakavu!"

Mama aliingia majini na viatu vyake vya kanisani, anacheka na kulia.

Boti ile ilitusomesha wote. Sasa ua wetu umejengwa nyumba za kupanga, fundi amehama, Baba na Bibi hatunao tena, na sijui kama siku hizi jirani akianza jambo la ajabu kuna atakayemletea blanketi. Boti nayo ilikwisha. Iligonga mwamba siku ya mawimbi makubwa, watu wakatoka salama, na mjomba akatuma salamu kwamba imepasuka vipande viwili.

"Imepasukia wapi?" Mama aliuliza kwanza.

Ilikuwa imepasukia mbele kabisa. Pale petu palikuwa pazima.