Mchele Uliogeuka Maji Mbele ya Waamuzi

Mpaka leo nikiukumbuka ule ukumbi wa Morogoro, damu inanichemka. Watu huniambia nisahau, eti yale yalikuwa mazingaombwe tu. Wanaosema hivyo hawajui nilivyoyafanyia kazi.

Nauza kwenye duka la dawa hapa Ifakara, karibu na soko. Mazingaombwe nilianza kujifunza kwenye simu, mchana wateja wanapopungua: sarafu inayopotea kiganjani, kitambaa kinachobadilika rangi. Vidole vilivyozoea kuhesabu vidonge havikunipa shida. Shida ilikuwa majirani. Mmoja aliponiona nikipoteza sarafu aliacha kununua dawa kwangu, akawa anatembea mpaka duka la mbali. Basi nikamkalisha mama sebuleni, nikamwonyesha sarafu inakojificha na kitambaa kinakoingia, ili angalau mtu mmoja nyumbani awe na uhakika kwamba sina jini. Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Kumbe ni kiini macho tu," alisema. "Hebu nifanyie tena."

Chama cha wafanya mazingaombwe kilipotangaza usaili wa wanachama wapya, tangazo lilisema wazi kwamba wasanii wote wanakaribishwa. Niliamua kwenda na onyesho langu mwenyewe, si la kuiga. Nilichukua mabakuli mawili ya bati na mchele wetu wa bondeni. Unatia mchele bakuli moja, unafunika kwa la pili. Ukifunua, mchele umeongezeka hadi unamwagika. Ukifunika tena, unageuka maji. Maneno ya kusindikiza niliyapata kwa mama. Alilima mpunga Malinyi miaka mingi, na mwaka mmoja mto ulipanda ukachukua shamba zima likiwa limeiva. Alinisimulia, nami nikayarudia maneno yake mpaka mikono na mdomo vikaenda pamoja.

"Hapo unaharakisha, mwanangu," alikuwa akinikatiza. "Maji hayakuja hivyo. Yalikuja taratibu, huku tunayatazama."

Nikapunguza mwendo, na kweli, yakija taratibu yalitisha zaidi.

Ukumbini niliwakuta waamuzi watatu, wanaume watu wazima, wamekaa mezani. Upande wa pili wa ukumbi kulikuwa na mabenchi ya waliosubiri zamu. Nikawaamkia, nikapanga mabakuli yangu. Mwenyekiti wao akatazama mlangoni.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani, mzee?"

"Mfanya mazingaombwe. Wewe si msaidizi wake?"

"Ni mimi mwenyewe."

Akawatazama wenzake, kisha akaniashiria nianze. Mchele ukaongezeka, ukamwagika mezani. Waliokuwa mabenchini wakainuka ili waone vizuri. Nilipofika pale mto unapoanza kupanda, mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Inatosha, binti. Mikono yako mizuri. Ila sisi tunatafuta msichana wa kuingia kwenye sanduku, lile la kukata mtu vipande viwili. Wewe mwembamba, utaenea. Hebu geuka kidogo tukuone."

Sikugeuka. "Sijamaliza, mzee," nilisema.

"Tumeshaona."

"Mmeona mchele. Maji bado."

Mwamuzi mmoja akacheka. Mwenyekiti akamwita anayefuata, mwanamume mmoja aliyeshika karata. Yule bwana akasimama, akanitazama, akakaa tena.

"Amalize kwanza," alisema.

Nikachukua mabakuli yangu, nikawapa mgongo waamuzi, nikawageukia watu wa mabenchini, nikaendelea kutoka pale pale nilipokatizwa, bila haraka. Nilikuwa na hasira, lakini mikono ilitulia. Nilipofunua bakuli nikamimina maji kutoka moja kwenda jingine, wakapiga makofi. Nikazoa mchele wangu, nikafuta meza kwa kanga ili wasiseme nimewachafulia, nikatoka.

Baadaye mtu wa chama alinipigia simu, akaniambia kwa heshima zote kwamba nimefaulu, kama msaidizi. Nikamuuliza kama kuna mwanamume yeyote aliyefaulu kama msaidizi. Akakohoa kidogo, akasema suala hilo halikujadiliwa. Nikamwambia anifute.

Nilipomsimulia, mama hakunipa pole. Alikuwa anapepeta mchele uani, akauliza, "Walikukatiza kabla ya maji?"

"Kabla."

"Basi hawakusikia kitu."

Akaendelea kupepeta kwa nguvu, chenga zinaruka nje ya ungo, na hapo nikaelewa kwamba naye amekasirika. Walichokikatiza kilikuwa chake pia.

Siku hizi naitwa kwenye sherehe za kipaimara na mahafali, hapa mjini na mara moja moja Mchombe, na watu wanatazama mpaka mwisho. Hasira haijaniisha. Chama kimetangaza usaili tena, kwa maneno yale yale ya wasanii wote, nami nimeshajiandikisha. Uanachama wao siutamani kama zamani. Nataka tu wakae pale mezani, wanyamaze, mpaka nimalize.