Benchi la Walio kwa Siku Zao

Maji yalipoingia nyumbani kwetu Ahero mara ya mwisho, yalipanda hadi usawa wa madirisha. Mimi na binti yangu tulisimama juu ya meza ya kulia, yeye amenikumbatia shingo, tukisubiri mtumbwi. Wanaume wawili wa mtaani walipoufikisha mlangoni, mmoja aliniuliza, "Madam, unajua kuogelea?"

Nikamwambia sijui.

"Basi usiruke. Tunachukua msichana kwanza."

Wakamchukua. Nikabaki juu ya meza, mwalimu mzima wa sekondari, nikitazama mtoto wangu akiyumbayumba katika uwanja ambao jana yake alikuwa ameufagia. Kama mtumbwi ule ungepinduka, ningekuwa na kazi moja tu ya kumfanyia. Kupiga mayowe.

Tulipofika barabarani salama, hofu ilinitoka ikaacha hasira. Kwa sababu mimi si mtu wa nchi kavu. Nimezaliwa Asembo Bay. Kwetu ukimwaga maji ya vyombo yanateremka yenyewe mpaka ziwani. Kaka zangu wanaogelea kama kambare, na mimi pia nilikuwa nimeanza. Nilikuwa naweza kupiga maji kutoka jiwe moja hadi lingine huku nikiyanywa na kucheka. Kisha nikavunja ungo. Nyanya alinishika mkono akanitoa ufuoni siku hiyohiyo. Akasema mamba hunusa damu. Akasema wavuvi wakijua, watadai nimewafukuzia samaki. Nilipouliza nitarudi lini, akanijibu kwamba msichana mkubwa haogi ziwani, nikapewa karai. Kaka zangu waliendelea kupiga mbizi palepale, na sikumsikia mtu akiuliza kama mamba hula wavulana.

Basi tulipomaliza kukwangua matope sakafuni na kuanika magodoro, nikatafuta mahali pa kujifunza. Hoteli moja mjini Kisumu ilikuwa na darasa la kuogelea la wanawake na wasichana kila Jumamosi asubuhi. Nikatuandikisha wote wawili. Binti yangu alikuwa gredi ya nane, mrefu kunipita, na alinunuliwa vazi la kuogelea la rangi ya samawati ambalo alilivaa nyumbani jioni nzima akijitazama kiooni.

Kocha alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye filimbi shingoni na sauti ya kuita ng'ombe. Siku ya kwanza alisimama ukingoni akapaaza sauti hiyo:

"Kabla hamjaingia! Nani ako kwa siku zake? Asiingie. Akae kwa benchi."

Benchi lenyewe lilikuwa la saruji, limejengwa likitazamana na baraza la baa, ambako wanaume walikuwa wakila samaki na kutazama mpira. Kukaa pale kulikuwa ni kutangazwa. Siku hiyo walikaa wasichana wawili. Nilijisikia vibaya, nakiri, lakini nilidhani ni sheria ya vidimbwi vyote duniani. Mtu aliyenyimwa ziwa kwa sababu ya mamba atajuaje sheria za klorini?

Jumamosi ya pili kocha aliuliza tena, na binti yangu akainua mkono. Nimemlea asiseme uongo. Akaenda akaketi, taulo mapajani, macho kwenye vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa majini nikijifunza kupuliza mapovu. Nilimsikia mwanamume mmoja barazani akimwambia mwenzake, "Huyo leo ako likizo." Wakacheka. Wanaume wazima, wenye mabinti bila shaka, wanamcheka mtoto kwa jambo ambalo bila hilo wao wenyewe wasingezaliwa.

Nilitoka majini nikiwa nadondoka maji, nikamfuata kocha.

"Kwa nini asiingie?"

"Madam, ni usafi. Maji yatachafuka. Halafu wakati huo tumbo la mwanamke liko wazi, maji baridi yataingia ndani. Mimi namsaidia."

Alisema hivyo kwa upole, kama daktari. Sikuwa na elimu ya kumjibu. Nina shahada, na nimekuwa na mwili huu miaka yote hii, lakini mwanamume mwenye filimbi alinieleza tumbo langu lilivyo nikanyamaza.

Tulipofika nyumbani Ahero binti yangu alikunja lile vazi la samawati akaliweka chini kabisa ya sanduku lake.

"Sirudi huko."

"Na mafuriko yakija?"

"Afadhali nife maji, Mama, kuliko kukaa pale."

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilimpigia simu mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi na anakaa mtaa wa Manyatta, Kisumu. Alikuja baada ya kanisa na mfuko wa kitambaa mkononi. Nilipomweleza mambo ya tumbo kuwa wazi, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanuna ghafla.

"Na wewe ukakubali?"

"Ningejua wapi?"

Akaketi kitandani kati yetu, mimi na binti yangu, akaanza kueleza kama anayetuelekeza njia ya sokoni. Maji hayaingii tumboni. Hedhi haikatiki ukiwa majini, ila kule kusukumwa na maji huifanya isitoke sana, na ukitoka nje inaendelea, kwa hiyo usishangae. Pedi haifai, inakunywa maji yote inavimba kama mkate ndani ya chai. Kuna tamponi: unaisukuma ndani, kamba inabaki nje, ukimaliza kuogelea unaibadilisha kwa sababu kamba imelowa, na isikae mwilini zaidi ya muda wa saa nane hata ukisahau jina lako. Kuna kikombe cha hedhi: kinachemshwa kabla ya kuanza kukitumia kila mwezi, kinakunjwa, kinafunguka chenyewe ndani. Na kuna kaptura za kuogelea zilizoshonwa kwa kitambaa maalum, nzuri kwa siku za mwisho ambapo damu ni kidogo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Na ujaribu nyumbani kwanza, si mlangoni mwa kidimbwi watu wakikusubiri.

"Na maji kuchafuka?" niliuliza.

"Hakuna kitu kitatoka. Na hata tone likitoka, klorini inawekwa ya nini? Watoto wanakojoa humo kila siku. Kama ni kuogopa, ogopa ziwa lenye kichocho, na hicho hakiulizi uko kwa siku au hauko."

Hapo ndipo pazia la mlango lilipofunguliwa. Mama mkwe alikuwa sebuleni akiambua njugu, na masikio yake hayajazeeka.

"Nyar Asembo," aliniita, kwa maana huku mke huitwa kwa kwao alikotoka, "mtoto wa mwanangu hataingizwa kitu. Atakuja kuolewa akiwa nini?"

"Atakuwa hai, Mama."

"Hiyo si jibu."

"Ndilo jibu nililo nalo. Siku ile ya maji wewe ulikuwa kwa binti yako Muhoroni. Hukutuona juu ya meza."

Mdogo wangu alijaribu kumweleza kwa heshima kwamba ubikira si kizibo cha chupa, na kwamba kitu cha hedhi hakimgeuzi msichana kuwa mwanamke wa mtu. Mama mkwe alirudi kwa njugu zake. Hajabadili mawazo hadi leo, na sitadanganya hapa kwamba amebadili.

Niliamua kujaribu kwanza mimi, ili msichana aone. Kile kikombe, ambacho mdogo wangu alikitoa kwenye mfuko wake akikisifu kama pete ya dhahabu, kiliniponyoka vidoleni kikagonga ukuta wa bafu. Nilichuchumaa, nikasimama, nikaweka mguu mmoja juu ya ndoo. Mdogo wangu alikuwa nje ya mlango akinipigia kelele, "Legeza mwili! Pumua! Umekaza kama unasukuma gari!" Binti yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu Jumamosi, alicheka mpaka akakohoa. Kilipoingia mahali pake sikukisikia tena, nikapika, nikasahihisha madaftari, nikasahau kama kipo.

Msichana alifikiri kwa siku kadhaa. Kisha akasema kikombe hapana, tamponi labda baadaye, kwa sasa anataka ile kaptura, na siku za damu nyingi ataamua mwenyewe. Nikamwambia sawa. Mwili ni wake.

Jumamosi iliyofuata alikubali kunisindikiza, ila kutazama tu. Mimi nilikuwa kwenye siku zangu. Kocha akauliza swali lake la kila wiki, sauti ileile ya kuita ng'ombe. Sikuinua mkono. Niliingia majini, na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nitolewe ziwani, nililala chali juu ya maji na maji yakanibeba. Tumbo lililokuwa likininyonga tangu alfajiri likalegea. Nilitazama mawingu nikawaza kwamba haya ndiyo niliyonyimwa.

Darasa lilipoisha nilijifunga taulo nikamwendea.

"Kocha, leo niko kwa siku zangu."

Akarudi nyuma hatua, akayatazama maji. "Umeingia hivyo?"

"Nimeingia hivyo. Umeona nini?"

Alipiga filimbi. Alipiga filimbi ndefu ya hatari, akawaamuru wote watoke kidimbwini, hata watoto wadogo wa wageni wa hoteli waliokuwa upande wa maji ya kina kifupi. Watu wakatoka wakikimbia, wakiuliza ni nyoka au ni nini. Barazani wanaume waliacha mpira wakasimama kuona. Nilisimama pale na taulo langu, binti yangu kando yangu.

Meneja akaja. Alikuwa mwanamke, kavaa viatu virefu, na alinivuta kando akanong'ona.

"Mama, mimi pia ni mwanamke, nakuelewa kabisa. Lakini wateja wakisikia…"

"Wateja gani? Wale wanaotoka kwa baa na kuruka majini bila kuoga?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake ni ipi? Niambie, na usininong'oneze. Sijaiba kitu."

Akatazama chini. Akasema darasa linaweza kuendelea bila sisi. Hivyo tu. Kwa kufukuzwa na mwanamume nilikuwa nimejiandaa. Kufukuzwa na mwanamke aliyesema ananielewa kabisa, hilo lilinichoma.

Nilikuwa navaa nguo chumbani nikidhani hakuna litakalonikasirisha zaidi, ndipo mama mmoja tuliyejifunza naye, mfanyabiashara wa samaki mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa, akanisogelea.

"Madam, si ungenyamaza tu. Mimi huingia kila mwezi. Natumia ile ya kamba. Sijawahi kumwambia."

Nikamtazama. "Na msichana wangu alipokuwa kwa benchi?"

"Ningefanya nini?"

"Ungemwita chooni ukamwambia. Maneno mawili tu."

Akafunga zipu ya mkoba wake polepole. "Na mimi hakuna aliyeniita chooni," alisema. "Nilijifunza peke yangu." Akatoka.

Nilimkasirikia njia nzima, kisha nikashindwa kuendelea kumkasirikia yeye peke yake. Wangapi pale walikuwa wakijua na kunyamaza, kila mmoja na ujanja wake mkobani, huku wasichana wakipangwa kwenye saruji?

Tulikaa miezi bila kuogelea. Baadaye mwalimu mwenzangu alinielekeza kwenye shule moja ya kibinafsi upande mwingine wa mji, ambayo hukodisha kidimbwi chake wakati wa likizo, na mwalimu wa pale ni mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Nikatuandikisha tena wote wawili, na kabla ya kuanza mwalimu alimwita kila mmoja wetu pembeni. Aliuliza kuhusu pumu, moyo, masikio, kifafa. Zamu yangu ilipofika nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa hata nimepanga hoja zangu.

"Niko kwa siku zangu," nilimwambia, kidevu juu.

"Umeweka kitu?"

"Nimeweka."

"Sawa. Ukichoka au tumbo likikaza, sema. Shika ukuta, upige miguu."

Basi. Alikuwa ameshageukia mtu mwingine.

Nilishika ukuta, nikapiga miguu, na machozi yakanitoka yakichanganyika na klorini. Yalikuwa ya hasira. Kumbe ni sentensi moja! Nyanya, kocha, meneja na mama wa samaki, wote walikuwa wamezungusha ukuta kuzunguka jambo linalomalizika kwa "sawa". Nilipiga miguu kwa nguvu hadi mwalimu akaniambia nisiwarushie wengine maji machoni.

Binti yangu sasa anavuka kidimbwi kwa upana wake bila kusimama, na kwa urefu anasimama mara moja katikati, anashika ukingo, anatema maji, anaendelea. Mimi bado nachelewa nyuma yake. Juma lililopita alitoka chumba cha ndani cha kubadilishia nguo nywele zikichuruzika maji, akanikuta nikihangaika na vifungo.

"Mama, harakisha. Nina njaa."

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama yuko sawa, maana nilijua ilikuwa siku yake ya pili.

"Mbona unanong'ona?" akaniuliza, kwa sauti iliyosikika chumba kizima.