Shule Imeachiwa Mutumia

Watu wangu, mshawahi kuona mtu akipewa cheo alichokililia, halafu akakosa pa kuficha uso?

Mimi nimeona. Hapa hapa Machakos, shule ya msingi ninayofundisha, si mbali na Kyumbi.

Mwalimu mkuu wetu, Madam Mwihaki, alikuwa anahamishwa. Naibu wake, Syokau, alikitaka kile kiti kufa kupona. Alikuwa ameibeba shule mgongoni miaka mingi.

Shida ilikuwa Ndambuki, mwalimu mzee wa kilimo. Kila saa ya chai yuko ofisini kwa Mwihaki, wanacheka. Syokau akiona hivyo, chai yake haishuki.

"Wanacheka nini?" aliniuliza siku moja. "Si waniite na mimi nicheke?"

Wivu ulimla dada wa watu, jamani, mpaka akaanza kusimama karibu na mlango wa ofisi.

Ndipo akamsikia Mwihaki kwa simu, akiongea Kikuyu na dadake. Syokau ni Mkamba kama mimi. Alisikia shule ikitajwa, kisha akanasa neno moja tu: mutumia.

Na kwetu Ukambani, mutumia ni mzee mwanamume.

Alirudi kwa staffroom mbio. Ndambuki alikuwa darasani.

"Shule inapewa mutumia! Ndambuki! Walimu, yeyote atakayechaguliwa na Mwihaki, mkatae. Ni kibaraka wake tu!"

"Haki ya Mungu, kibaraka hatutaki," tukaitikia. Hata mimi.

Ijumaa tukaitwa mkutano. Mwihaki akasimama, machozi yakimlengalenga.

"Wakubwa waliniuliza ni nani naamini. Sikusita, nikamtaja Madam Syokau. Hata dadangu nilimwambia, shule naachia mutumia mchapa kazi."

Syokau akaruka. "Mutumia si mzee?"

"Ai! Kwetu mutumia ni mwanamke, ni mama."

Aliyepiga makofi ni Ndambuki peke yake, kwa sababu hakuwepo tulipoapa. Sisi wengine tuliangalia meza.

Sasa Syokau ana ofisi. Lakini akitoa agizo, liwe la zamu au la mitihani, hakosekani mtu wa kunong'ona nyuma: "Kibaraka ameongea." Na kazi haifanyiki.

Basi wewe unayewafundisha wenzako kutomwamini mwenye kiti, omba sana kisije kikawa chako.