Marashi Yangu ya Maganda ya Machungwa

Mkipita Mgogoni mkasikia watu wanamtaja "yule mtoto wa nyuki", basi ndiye mimi, na kwa kuwa kila anayeihadithia hadithi hii huongeza nyuki wake wawili watatu, nimeona bora niitoe mwenyewe, hata kama mpaka leo nikiikumbuka huwa nautafuta mtandio nijifunike uso (na hapa nilipo nimeshaushika).

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuwaza. Mtu akinijibu "sawa" kwenye simu, nakaa nusu saa najiuliza ni sawa ya radhi au sawa ya kunichoka. Nikialikwa pahala, nawaza viatu nitavivua upande gani wa mlango ili nisije nikavaa vya mwenzangu wakati wa kutoka. Kwa hiyo watu wakiniambia kwamba mkasa huu ulitokea kwa kutofikiri, huwa inaniuma sana, kwa sababu nilifikiri mpaka kichwa kikaniuma. Nilifikiri kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Nilimaliza chuo nikarudi nyumbani Tibirinzi na shahada yangu ya kemia ya viumbe, na baada ya kukaa na kukaa bila kazi nikapata wazo la maganda ya machungwa. Ganda la chungwa watu hulitupa, lakini ndani yake mna mafuta yenye harufu nzuri, mna ile pektini inayofanya jemu igande, na mna nyuzi ambazo zikikatwakatwa sawasawa zinageuka sukari. Kinachokata ni vimeng'enya, jamaa wa vile vilivyomo matumboni mwetu vinavyosaga chakula. Unaloweka maganda kwenye maji ya uvuguvugu, unatia unga wa vimeng'enya kidogo, unasubiri, na ganda linalegea lenyewe mpaka linatoa kila lilichokuwa limekificha.

Mama nilimweleza hivyo hivyo. Akaitazama pakiti niliyoiweka kwenye friji, ubavuni mwa samaki wake, changu, akaniuliza, "Kwa hiyo hawa wadudu wako wanalala na samaki wangu?"

"Si wadudu, Mama. Havina uhai."

"Wamekufa?"

"Havijawahi kuwa hai."

"Basi vitoe. Kilicho hai nakijua na kilichokufa nakijua. Hicho chako mie sikijui."

Na muuza machungwa wa sokoni, ambaye nilikuwa nikimwomba maganda kila jioni, naye alishaniweka kwenye dua zake. Siku moja alinijazia gunia, akatia na chungwa moja zima juu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kula hili. Mungu atakufungulia." Nikawaza njia nzima: nirudi nimweleze kuwa mimi ni msomi, au hiyo ndiyo itamsikitisha zaidi?

Nilichokuwa nakosa ni mahali. Jiko la Mama lilishanitema. Na huko Mgogoni kulikuwa na banda la bati, lina maji, lina jiko la kuni, limekaa bure tangu kikundi cha kinamama wanaotengeneza sabuni ya mwani walipohamia jengo lao jipya. Mwenyekiti wao ni Bi Time, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliyesoma chuo cha Kurani pamoja na Mama walipokuwa watoto. Mama akaenda kuniombea, akarudi na jibu: "Bi Time anamfanyia mjukuu wake akika Jumamosi, pana maulidi ya kinamama, na wanakikundi wote watakuwepo. Kasema uende na hicho kitu chako wakione, kisha watasema kama banda unapewa au hupewi."

Na kama sipewi, Ami Khamis, ndugu yake baba, alikuwa ananisubiri Unguja, dukani kwake, nikauze vifuniko vya simu. Tikiti ya boti ya Jumatatu alishasema atanikatia yeye. Nawapenda watu wa vifuniko vya simu, lakini kila nikijiona nimesimama pale nauliza "wataka chenye maua au chenye paka?" roho ilikuwa inaniporomoka.

Sasa, awali nilipanga kupeleka kichupa kidogo tu cha mafuta ya ganda, wanuse, basi. Laiti ningeishia hapo. Lakini nikawaza: wakinusa kwenye kichupa watasema "harufu ya chungwa", na harufu ya chungwa hata chungwa linayo. Nikawaza tena: pana maulidi, na maulidi kwetu hayaendi bila mrashi (ile chupa ya shingo ndefu, ina matundu kichwani, wageni wananyunyiziwa marashi wakati wamesimama kwa kiyamu kumsalia Mtume). Je, kama marashi ya siku hiyo yatakuwa yangu? Kila mwanakikundi atakuwa ananukia kazi yangu mwilini kabla sijafungua mdomo.

Ila mafuta hayachanganyiki na maji, na watu wa manukato huyayeyusha kwa spiriti, na mimi nikajiuliza, spiriti kwenye maulidi? Nikajijibu kuwa wapo wanaoruhusu. Nikajikatalia. Nikajiona mbele ya Bi Time ananiuliza "mna nini humu?" na mimi nasema neno spiriti mbele ya kadamnasi iliyovaa kanga za sala. Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo: nikayaacha mambo ya spiriti, nikachukua yale maji yenyewe niliyolowekea maganda, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikayachemsha taratibu yapungue ili yakolee, kisha nikayatilia matone ya mafuta ya ganda kurudisha harufu. Yakatoka rangi ya dhahabu. Yakang'aa. Nikayanusa, nikayapima ukali kwa vile vikaratasi vya maabara, nikayatia kwenye kitambaa cheupe kuona kama yanaacha doa. Sikuyalamba. Kwa nini ningeyalamba? Nani analamba marashi?

Jumamosi tukafika. Turubai limefungwa uwanjani, mikeka imetandikwa, wanawake wamejaa, mtoto mchanga anayefanyiwa akika amelala ndani chini ya chandarua (namshukuru Mungu kwa chandarua kile mpaka leo). Nikamwambia Bi Time kwamba marashi nimekuja nayo, nimeyatengeneza mwenyewe kwa maganda. Akanitazama, akaufungua mrashi wake wa fedha aliourithi kwa mama yake, akanipa.

"Haya, mwanangu. Na uyapitishe mwenyewe."

Nilijiona nimeshafika.

Wakati wa kiyamu ukafika, watu wote wakasimama, chetezo cha udi kikatangulia, na mimi nyuma yake na mrashi. Mwanzo haukutoa kitu. Nikatikisa kistaarabu, kimya. Nikatikisa tena, likatoka tone moja, zito, likaning'inia. (Hapo mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini marashi yananing'inia. Mimi nilikuwa nawaza kama tabasamu langu limezidi.) Mbele yangu alikuwa Bi Rukia, jirani wa Bi Time, bibi mfupi, mjane, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, ameinua viganja akisubiri. Nikautikisa mrashi kwa nguvu zangu zote, matundu yakazibuka kwa pamoja, na Bi Rukia akapata fungu la safu nzima, usoni, ushungini na kifuani.

"Alhamdulillahi," akasema, akijifuta. "Hino si marashi, hino ni mvua ya vuli."

Lakini yalinukia. Wallahi yalinukia. Nikaona vichwa vinageuka, watu wananyoosha viganja, mmoja ananiambia "nami, nami", na mimi kwa furaha nikatikisa kulia, nikatikisa kushoto, sikumwacha mtu. Bi Time nilimpa mara tatu. Mama naye alikuwa ananitazama kwa macho ya mzazi ambaye gharama zake zimerudi.

Tukaketi. Na pale tulipoketi ndipo mambo yalipoanza kushikana.

Nikisema kushikana, nina maana yake hasa. Jua lilikuwa kali, maji yakakauka, kilichobaki kikabaki. Niliona kwanza mama mmoja anajaribu kumpa mwenziwe mkono, na mkono haurudi. Kisha ukaja upepo kidogo, ushungi wa Bi Rukia ukamrukia shavuni, ukakaa hapo hapo. Akauvuta, ukaja na kidole. Akakitoa kidole, kikashika ushungi wa jirani yake.

"Enhe," Bi Rukia akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani, "mie na weye leo tumeolewa pamoja."

Watu wakaanza kubana vicheko, na maulidi bado yanasomwa, na kicheko cha kubanwa mnakijua. Mimi nikatazama viganja vyangu, na hapo, polepole kama mtu anayekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka, nikakumbuka somo la mwaka wa pili. Vimeng'enya vinakata nyuzi za ganda. Nyuzi zikikatwa zinageuka sukari. Na mimi nimeyachemsha maji yale mpaka yakakolea. Sikuwarashia watu marashi. Niliwapaka shira.

Nzi walifika mwanzo, kama kawaida yao ya kujialika. Wakafuata sisimizi, wakapanda mkekani kwa mstari mzuri kama wamepewa kadi. Dua ilipokwisha tu (hapo tulisitiriwa) nikasikia mvumo, nikajiambia ni jenereta la jirani, nikajiuliza jirani gani ana jenereta, na kabla sijajijibu nyuki wa kwanza akatua kwenye bega la Bi Time.

Hawakuwa wengi. Wanaosema lilikuja kundi zima wanaongeza chumvi. Walikuwa wachache, lakini kwa mtu aliyepakwa shira, nyuki mmoja ni jeshi. Turubai likatoka wanawake kila upande. Mmoja alikimbia na mkeka umemganda mgongoni. Mama aliinama chini ya sinia kubwa la pilau, sinia juu kama mwavuli, pilau nadhani mnajua ilikokwenda. Bi Rukia hakukimbia, alikaa pale pale amefumba macho, anasema, "Waacheni waje, wajane hawachagui wageni."

Na mimi nilifanya nini? Nilifanya kile nilichopaswa kukifanya siku tatu nyuma. Nilikilamba kidole changu. Kitamu, wallahi, utamu wenye uchungu kidogo kwa nyuma, kama jemu nzuri. Na nyuki mmoja, naye akiwa na mawazo hayo hayo, akatua kwenye mdomo wangu wa chini. Nikampiga. Akanipiga.

Wale wengine hawakuuma mtu. Niliyeumwa ni mimi peke yangu, na hakuna aliyeona kuna dhuluma.

Watu walipokwisha kuoga kisimani na kurudi wamejifunga kanga za kuazima, Bi Time akaniita barazani. Wanakikundi wamekaa, nywele zinachuruzika. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri, nimeyasema mbele ya kioo wiki nzima, lakini mdomo wangu ulikuwa umevimba kama andazi na hakuna neno lililopita. Mama alikaa pembeni, na punje moja ya wali nyusini, hanitazami. Nikaiona boti ya Jumatatu. Nikawaona wateja wanachagua kati ya maua na paka.

Bi Time alikuwa bado hajaoga, wala Bi Rukia. Akainua mkono wake, akautazama, akaulamba.

"Hidaya. Hili ni ganda la chungwa?"

"Mh," nikasema.

"Ganda lenyewe, lile chungu?"

"Mh."

"Na sukari umetia kiasi gani?"

Nikatikisa kichwa. Sikutia.

"Hata kijiko?"

Nikatikisa tena, na machozi yakaanza kunitoka, hasa kwa maumivu.

Akaulamba mkono tena, upande wa pili. Akampa Bi Rukia naye aonje, na Bi Rukia akaonja kutoka kwenye mkono wake mwenyewe, akisema wake umekolea zaidi. Kisha Bi Time akawageukia wenziwe.

"Mwaka mzima mamaake ananambia mwanawe anatoa sukari kwenye takataka, nami naitika tu, heee, heee, namsitiri. Kumbe kweli." Akanyoosha kidole kwangu. "Banda chukua. Dirishani utatia wavu. Na huu mrashi wangu utauosha weye, tundu moja moja."

Niliuosha kwa sindano.

Ami Khamis alinipigia jioni ile kuulizia tikiti. Nikajaribu kumwambia siji, sauti ikatoka kama ya mtu anayezama, akadhani nalia kwa kukosa banda. "Usilie mwanangu," akaniambia, "nafasi ipo, na vya paka vinatoka sana." Ilibidi Mama apokee simu.

Sasa niko bandani, dirisha lina wavu, na kinachotoka humo tunakiuza kama jemu, kwa mkate, siyo kwa ushungi. Shughuli za Mgogoni bado naalikwa, ila kila nikifika mlangoni Bi Rukia huniambia, "Hidaya, mikono," nami naiinua juu, wananigeuza, wanaikagua mbele na nyuma, ndipo napita. Nami nimejiwekea nadhiri, nayo naishika: maadamu niko hai, sitamnyunyizia binadamu kitu ambacho sijakilamba mwanzo. Juzi Mama alininunulia manukato mapya ya Idi. Nilipofungua kizibo, aliona nilichokifanya, akatoka chumbani, akaurudisha mlango.